Sponji Iliyopakwa Samli

Jumapili, jioni.

Upepo umetulia sasa, lakini mchana kutwa umevuma kutoka upande wa barabara kuu na kutuletea vumbi la malori yanayopita Nyakanazi. Nimefagia asubuhi, nimefagia mchana, na bado ukipitisha kidole mezani unaweza kuandika jina lako. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa na kucha zangu hazifai kuonyeshwa kanisani. Nina furaha, nisikufiche.

Wiki nzima sijaandika hapa. Kulikuwa na jambo limenikaa kooni na sikutaka kulitoa kabla halijajulikana litaishia wapi. Leo limeisha, kwa hiyo nalitoa lote.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni afisa mifugo. Huku wananiita bwana mifugo, mwanamke mzima mimi, na nimeacha kuwasahihisha. Kazi yangu ni kufika kwenye mazizi ya watu, na mazizi ya watu hayako kando ya lami. Ndiyo maana ofisi ilinipa pikipiki ya porini, ile ndefu yenye matairi ya meno, ambayo mtu mfupi kama mimi akisimama nayo anagusa ardhi kwa ncha za vidole na kumwomba Mungu isilale upande. Nimezaliwa Kibimba, kule Ngara, kwenye migomba na rozari. Nimeolewa huku Biharamulo, kwa Wasukuma wenye ng'ombe. Mume wangu, Maduhu, ni mwalimu, na tunaishi katika boma la baba yake.

Baba mkwe na mimi hatuongei.

Usinielewe vibaya, hatujagombana hata siku moja. Ni heshima ya ukwe. Simpi mkono, simtaji jina, siketi kwenye kiti chake. Nikimpelekea chai naweka kikombe kwenye kigoda na kuondoka, naye anakichukua nikishampa mgongo. Akitaka nijue jambo anamwambia mama mkwe, au Maduhu, na jibu langu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Nyumbani kwetu heshima ipo, ila haijafika huko, na mwaka wa kwanza nilikuwa najiuliza kama huyu mzee ananichukia. Siku hizi nimezoea. Nakiri hata nimeona raha yake, maana neno likipitia kwa mama mkwe linafika limeshapunguzwa makali.

Sasa jambo lenyewe. Bosi wangu aliniambia kuna meza imebaki wazi ofisini mjini. Takwimu za mifugo, kompyuta, feni juu ya kichwa. Nikiitaka nimjibu kufikia Jumatatu, na nikiichukua, pikipiki atapewa mwingine. Mimi sikuitaka. Kukaa kuanzia asubuhi hadi jioni nikijaza idadi ya ng'ombe ambao sitawaona, hapana. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Maduhu kama kichekesho, wakati wa chakula, na hapo ndipo nilipojiponza, kwa sababu baba mdogo alikuwa anasikia.

Baba mdogo ni mdogo wake baba mkwe. Amekuja kututembelea kutoka Kahama na ni mtu mwema, anachekesha, lakini ana maoni juu ya kila kitu kinachotembea. Hilo la meza alilishika kwa mikono miwili. Akasema hiyo ni bahati imejileta yenyewe mlangoni. Akasema mkamwana wa boma hili anavaa suruali, anatanua miguu juu ya pikipiki, anapita visimani mbele ya wanaume na watoto wa watu, na yeye kule Kahama ameshaulizwa. Akaomba Jumapili tukae kama familia tulizungumze.

Wote tulijua kwamba neno la mwisho ni la baba mkwe. Maduhu aliniambia uamuzi ni wangu, na namwamini. Lakini mimi ndiye ninayeishi humu. Nisingeweza kila asubuhi kuwasha injini chini ya dirisha la mzee huku nikijua hataki. Akisema nishuke, nitashuka. Hilo nililiamua mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, na liliniuma.

Na hakuna aliyejua anafikiri nini. Tangu siku nilipoiingiza pikipiki hii bomani hajawahi kusema chochote juu yake, si zuri si baya.

Basi ikafika jana, Jumamosi. Jumamosi ni siku yangu ya eya klina, yaani lile chujio la hewa linalozuia vumbi lisiingie kwenye injini. La pikipiki yangu ni la sponji. Watu wengi huku hawalijali. Wengine wanalikung'uta kwenye gogo na kulirudisha. Wengine wanalichomoa na kulitupa, pikipiki inaanza kunguruma, wanafurahi kwamba imepata nguvu, na kabla ya masika injini inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Mimi nimekataa. Vumbi la kiangazi hiki, jekundu na laini kama unga wa muhogo, likipata nafasi ya kuingia halina huruma.

Nikafungua kiti, nikatoa kifuniko cha pembeni, nikachomoa sponji. Ilikuwa na rangi ya tofali. Nikaziba mdomo wa njia ya hewa kwa kitambaa safi, nikaweka mafuta ya taa kwenye beseni bovu, nikaanza kuibonyeza. Unaibonyeza kati ya viganja taratibu, huisokoti kama unavyosokota kanga, la sivyo itachanika pale ilipogundishwa. Na si petroli, maana petroli inakula gundi. Baadaye maji ya uvuguvugu na sabuni, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Halafu inakauka kivulini, juu ya kichanja cha vyombo.

Naipenda kazi hii kuliko ninavyopenda kufua nguo za mtu yeyote, nikiwemo mimi mwenyewe. Uchafu unauona ukitoka. Kichwa nacho kinapata nafasi. Jana kichwa changu kilikuwa kinazunguka kwenye neno moja tu, kesho, kesho, na mikono ikaendelea kubonyeza.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na zizi, amenipa ubavu kama kawaida, anapaka samli kamba zake za ngozi. Ana kopo lake la samli ya zamani kwa ajili hiyo, na harufu yake inajulikana boma zima. Mzee huyu hawezi kuona kitu kikavu akakiacha. Anapaka kamba, anapaka mpini wa shoka, anapaka bawaba za mlango. Siku moja alipaka viatu vya Maduhu vya kufundishia na mbwa wakamsindikiza mwalimu hadi shuleni.

Sponji ilipokuwa inakauka nikaitwa kwa jirani. Mtamba wake alikuwa ameshindwa kuzaa. Nikaenda kwa miguu, nikakuta ndama amekunja mguu mmoja, nikaunyoosha, tukavuta, akatoka mzima na mwenye hasira. Nikarudi jua likiwa linazama, nimechafuka hadi mabegani, nikiwaza kupaka sponji mafuta kabla ya kuoga. Sponji ikishakauka lazima ipakwe mafuta, yale mazito ya kunata, kwa sababu ndiyo yanayokamata vumbi. Kopo langu la mafuta hayo huwa nalifungia ndani.

Sponji haikuwa kwenye kichanja.

Ilikuwa juu ya chungu kilichopinduliwa, karibu na mlango wangu. Ilikuwa imeshapakwa, tena imepakwa vizuri. Imekandwa kila mahali, rangi moja pande zote, mafuta ya ziada yamekamuliwa, hakuna hata doa kavu. Nikaisogeza puani. Samli. Samli ya lile kopo.

Nilisimama pale nikacheka. Kisha nikagundua kwamba ninalia. Mtu ambaye hapokei kikombe kutoka mkononi mwangu alikuwa amekaa na kitu changu mapajani, akakikanda kidole kwa kidole, kama ninavyofanya mimi. Ina maana Jumamosi zote hizo, kwa ule ubavu wake, alikuwa ananitazama.

Nikamuuliza mama mkwe. Akasema, "Mimi mambo ya pikipiki siyajui, mayu," yaani mama, akaingia jikoni haraka haraka na bega lake likitikisika kwa kicheko. Nikamwambia Maduhu. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, halafu akanivunja moyo bila kukusudia. Alisema baba anapaka kila kitu, nisije nikajenga nyumba juu ya samli. Huenda aliona kitu kimekauka, basi. Kweli, hilo nalo liliwezekana. Nikabaki hapo hapo nilipokuwa, sijui anataka nishuke au niendelee, na sasa nilikuwa na tatizo jipya.

Samli haifai kwenye eya klina. Ukipaka samli umemwita sisimizi, na baridi ya alfajiri ikija inaganda. Lakini kuiosha ni kufuta kazi ya mkono wa baba mkwe, tena siku ambayo atakaa kunihukumu.

Leo kabla ya misa nikaenda kuiangalia. Ilikuwa imeganda nyeupe, na sisimizi walikuwa wameshatengeneza barabara yao kutoka ukutani. Nikaweka mdomo nikapuliza. Hewa haikupita hata kidogo. Nikaichukua pamoja na beseni, nikaenda nyuma ya zizi nikachuchumaa kama mwizi wa kuku, nikaiosha. Nakiri kwamba kila nilipobonyeza roho iliniuma. Samli ilichelewa kutoka. Nilienda misani nikiwa nanuka mafuta ya taa, na kwenye sala ya Baba Yetu nilifika katikati nikajikuta nafikiria injini.

Baada ya chakula cha mchana tukakaa. Baba mkwe kwenye kiti chake, baba mdogo karibu naye, Maduhu kwenye benchi. Mimi nilikaa kwenye mkeka nyuma ya mama mkwe, macho chini, binti yetu Milembe amelala mapajani mwangu. Baba mdogo alizungumza muda mrefu na kwa adabu. Sikuweza kumchukia. Alisema ananionea huruma kwa jua na vumbi. Alisema mtu aliyesoma hukaa ofisini, na ofisi ndiyo imeniita. Alisema watu wanaongea. Akamaliza kwa kusema kwamba kaka yake ameshasikia yote na sasa aseme.

Baba mkwe akamgeukia mama mkwe.

"Muulize mama Milembe. Ile sponji ameshaifunga?"

Baba mdogo alimtazama kaka yake kama mtu aliyeulizwa habari za mvua msibani. Mama mkwe akanigeukia, akarudia swali lile lile neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kugusana.

Naandika hapa ukweli: nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo, mwambie baba nimeifunga, asante sana. Ingekuwa tamu na kila mtu angetabasamu. Lakini ningekuwa naiomba kazi yangu kwa uongo juu ya kitu ambacho ndiyo kazi yenyewe. Na kesho yake angeangalia, maana mzee huyu, nimeshajua, huangalia.

"Mwambie baba, sijaifunga," nikasema. "Nimeiosha. Samli imeganda kwa baridi, hewa haipiti, injini ingezimika njiani. Mwambie ninaomba radhi. Alivyoikanda, hata mimi sijawahi kuikanda vizuri hivyo."

Mama mkwe alifungua mdomo kurudia, akaufunga. Nimemwambia baba mkwe, mbele ya mdogo wake, kwamba amekosea. Maduhu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuiaga pikipiki moyoni.

"Imeganda," akasema baba mkwe, polepole, kana kwamba anaionja. Halafu, "Sasa inapakwa nini?"

Swali hilo hakulipitisha kwa mtu yeyote. Alilitupa tu hewani, na hakuna aliyeliokota, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua jibu.

"Muulize," akamhimiza mama mkwe. "Tena aje nayo hapa. Apake tuone."

Basi nikampa mama mkwe mtoto, nikaleta sponji na kopo la mafuta, nikapiga magoti mwisho wa mkeka, nikapaka. Sijawahi kupaka eya klina mbele ya wazee na sitegemei kupaka tena. Nikamimina kidogo kidogo, nikakanda, nikageuza, nikakanda. Baba mdogo aliniangalia kwa mbali, kisha akasogeza kiti, kisha akainama kabisa, maana ni mfugaji na mfugaji hawezi kuona kitu kinakandwa asikaribie. Akaanza kuuliza maswali. Kwa nini yananata? Vumbi linaishia humo humo? Na ukisahau kupaka? Yote alimwuliza Maduhu, naye Maduhu, ambaye hajui hata tundu la kuwekea mafuta ya injini, alikuwa ananigeukia na kurudisha majibu yangu kwa sauti ya mwalimu wa sayansi. Mama mkwe alishindwa kujizuia, akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Nilipomaliza kukamua baba mkwe akasema na mdogo wake, wala hakupandisha sauti.

"Mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa ndigana unaukumbuka? Bwana mifugo alikuwepo. Alikuwa mtu mzuli. Hakuwa na kitu cha kupanda, na balabala ilikuwa mbovu. Alipofika tulikuwa tumeshachuna ngozi." Akaangalia zizi. "Huyu anafika. Watu wanaongea, waache waongee, mimi nimewachoka zamani. Mtu akiniuliza nitamwambia mkamwana wangu anafika."

Baba mdogo akakuna kidevu. Akasema kama ni hivyo, yeye hana neno, ila suruali iwe pana kidogo. Baba mkwe akamwambia suruali pana itaingia kwenye mnyororo. Hilo hakulisikia kwa mtu. Ameliona kwa macho yake, kwa ule ubavu.

Kikao kikaishia hapo. Mzee aliinuka kwenda kuangalia ndama wake na mimi nikabaki nimepiga magoti na mikono imelowa mafuta, siwezi hata kujifuta machozi.

Sasa hivi, kabla ya kuketi kuandika, nilikuwa narudisha sponji mahali pake. Nilishapaka grisi kwenye ukingo ili vumbi lisipenye pembeni, nimeingiza, nimetoa kile kitambaa, nafunga kifuniko. Nikasikia hatua zake upande wa pili wa pikipiki. Sikuinua kichwa. Hakuja upande wangu wala hakunisemesha, maana hilo halifanyiki na sitaki lifanyike. Alisimama pale kidogo, pikipiki ikiwa katikati yetu, akaweka kiganja juu ya tanki kama anavyowawekea ng'ombe mgongoni.

Akaiambia pikipiki, "Wewe. Kesho ana safali ndefu. Usimwangushe mwanangu."

Hakusema mkamwana. Kwa kuwa pikipiki haina mdomo, nikaijibia mimi, macho yangu yakiwa kwenye skrubu: "Sawa, baba."

Akaondoka. Bosi nitampigia asubuhi, kabla sijawasha, nimwambie ile meza ampe mwingine.